Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Usiku ule Mama hakulala. Ilikuwa Julai 2004, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na nguo za kila mtu kijijini zilikuwa na vumbi la njano lisilotoka kwa sabuni. Jioni mwalimu mkuu alikuwa amepita nyumbani. Hakukaa hata kwenye kigoda tulichomtolea. Alisimama mlangoni akasema maneno matatu tu: "Wakaguzi kesho, mwalimu." Mama akawasha kibatari, akatandaza madaftari mezani, akaanza kuandika maandalio ya somo ya wiki nne zilizopita.

Nilikuwa darasa la nne na nilijiona mjanja. Nikamuuliza, "Mama, si masomo hayo ulishafundisha?"

"Nilishafundisha."

"Sasa unaandaa nini?"

Akacheka bila kuniangalia. "Ninaandaa karatasi, baba. Lala."

Shule yetu ilikuwa upande wa Chilangala, wilayani Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Jina lake nitaliacha, maana haikuwa na kosa ambalo shule nyingine hazikuwa nalo. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa miaka miwili mitatu nyuma, ulipoanza ule mpango wa MMEM, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kulinda mpunga bondeni walipanda juu wote kwa pamoja. Darasa la pili, alilofundisha Mama, lilikuwa na watoto 94. Tulikuwa tunamwita "mwalimu" tukifika getini, na mimi pia nilimwita hivyo. "Mama" nilimwachia nyumbani.

Asubuhi shule ilikuwa si ile ya jana. Uwanja ulifagiliwa mpaka alama za fagio zikafanana na shamba lililopigwa matuta. Madawati ya darasa la sita yalihamishiwa darasa la pili, kwa kuwa huko ndiko wageni wangeanzia, na darasa la sita wakapelekwa kulima shamba la shule. Chaki nzimanzima zilitoka kabatini kwa mwalimu mkuu. Kamati ya shule ilileta kuku wawili na mchele. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli siku ile walimu wetu walipona. Walikula wali kwa kuku saa nane mchana, jambo ambalo sikuliona tena pale mpaka namaliza la saba.

Gari jeupe lilifika saa tatu. Walishuka watu watatu wenye mafaili kwapani, wakasaini kitabu cha wageni, wakagawana madarasa. Mama alipata mkaguzi mwanamke, mtu mzima, aliyekaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Najua kwa sababu dirisha la darasa lile halikuwa na kioo wala wavu, na nilikuwa nimejipa kazi ya kuokota majani chini yake. Somo lilikuwa kugawanya. Mama alikuwa amewapa watoto mbaazi kavu wahesabie. Mtoto mmoja wa mbele alizitafuna zote, kwa hiyo jibu lake likawa sifuri, na nilimwona mkaguzi akiinamisha uso kuficha kicheko.

Waliondoka kabla ya jua kuzama. Wiki kadhaa baadaye ripoti ikafika.

*

Mama amestaafu sasa. Mwaka jana nilikuwa namsaidia kupanga sanduku lake la bati, nikakuta daftari la jalada la bluu. Ndani yake alikuwa amenakili, kwa mwandiko wake wa ubaoni, mapendekezo yote ya ripoti ile ya 2004. Yalikuwa 14. Pembeni mwa matano kati yake alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha. Mengine tisa hayakuwa na kitu.

Matano yenye vema ni haya: walimu waandae somo kila siku; zana za kufundishia ziongezwe; madaftari ya wanafunzi yasahihishwe kila siku; shajara za masomo zijazwe; walimu wajitahidi kumfikia kila mwanafunzi. Nilipiga hesabu hilo la mwisho. Kipindi cha darasa la pili kilikuwa dakika 30. Kwa watoto 94 kila mmoja anapata sekunde 19, ikiwa mwalimu hatageuka kuandika ubaoni.

Tisa yasiyo na vema: matundu ya vyoo yaongezwe; madawati yanunuliwe; walimu wanne waletwe; nyumba za walimu zijengwe; vitabu viletwe; madirisha yawekwe; tangi la kuvunia maji ya mvua lijengwe; darasa la pili ligawanywe mikondo miwili; posho ya uhamisho ya walimu wawili ilipwe. Mtu aliyekulia juu ya uwanda ule ataelewa hilo la tangi lilikuwa na maana gani. Kwetu maji yako chini, mabondeni, na vizazi vya wanawake wa Kimakonde vimepanda na kushuka mteremko na mitungi kichwani.

Niliiangalia ile orodha muda mrefu. Wakaguzi hawakuwa wameona vibaya. Waliona kila kitu, mpaka posho. Lakini katika yote waliyoyaona, yaliyotekelezwa ni yale tu yaliyomwangukia mtu aliyekuwa ameshakesha na kibatari. Nikataka kujua mkaguzi ni nani hasa, alitoka wapi, na nani alimtuma.

*

Mkaguzi wa shule si mzee sana duniani. Uholanzi iliweka wakaguzi wa serikali mwaka 1801. Ufaransa ya Napoleon ikafuata mwaka 1802 kwa wakaguzi wakuu waliozunguka nchi nzima kutoka Paris. Nchi hizo mbili zilikuwa zinajijenga upya baada ya mapinduzi na vita, na mkaguzi alikuwa njia rahisi ya serikali kufika mahali ambapo haikuwa na mtu. Anakuja, anaona, anaandika, anarudi makao makuu na kijiji kizima ndani ya mkoba wake.

Uingereza ilimpata kwa njia ya pesa. Mwaka 1833 Bunge lilitoa pauni 20,000 kusaidia shule, ambazo karibu zote zilikuwa za vyama vya makanisa. Miaka sita baadaye, 1839, serikali ikasema kama tunatoa pesa basi tuone zinakokwenda, ikateua wakaguzi wawili wa kwanza. Makanisa yalilalamika, hayakutaka jicho la serikali darasani. Ikabidi wakaguzi waelekezwe kwamba kazi yao ni kusaidia, si kutawala. Kila ninaposikia leo kiongozi akisema "wathibiti ubora si polisi", nakumbuka kwamba sentensi hiyo ina umri wa karibu miaka 190.

Haikudumu. Mwaka 1862 Uingereza ilianza utaratibu wa kulipa shule kwa matokeo. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, akawapima watoto mmoja mmoja kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila aliyeshindwa alipunguza ruzuku ya shule. Unaweza kukisia kilichofuata. Walimu waliwakaririsha watoto kitabu kimoja mwaka mzima, na kile ambacho mkaguzi hakukiuliza kikaacha kufundishwa. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka 35, aliupinga utaratibu huo ndani ya ripoti zake mwenyewe, akisema umeifanya elimu kuwa mashine. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kuuondoa wote.

Hapa kuna jambo ambalo hatulisemi sana. Mkaguzi wa 1862 alikuwa jicho na mkono kwa pamoja. Alichokiona kiligeuka pesa, au kukosekana kwa pesa, ndani ya mwaka uleule. Aliogopwa kwa sababu hiyo. Mkaguzi wa Mama aliogopwa vilevile, na mfukoni hakuwa na hata shilingi ya kununulia dirisha.

*

Kwetu kusini shule zilitangulia mkaguzi. Misheni ya Waanglikana ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani. Kutoka huko ikapanda mpaka Newala. Mtu ninayempenda zaidi katika historia hiyo ni Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, Zanzibar, na baadaye Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, upande wetu wa Newala. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre. Kwa miaka kama kumi alijenga kanisa na shule kati ya Wayao, Wazungu wakipita kwa nadra. Kazi ilistawi. Kisha mwaka 1897 akarudishwa Zanzibar, na maisha yake hayakuwa tena na nafasi kama ile. Nikimfikiria Majaliwa huwa najiuliza ni mara ngapi kazi nzuri ya nchi hii imefanywa na mtu aliyeachwa peke yake kwa kuaminiwa, au kwa kusahauliwa.

Na kabla ya misheni palikuwa na jando na unyago. Hizo nazo zilikuwa shule, zenye muhula, mitaala na walimu. Ngaliba na makungwi walijulikana kwa majina, na aliyefundisha vibaya aliulizwa na wazee wa kijiji kilekile, si na mtu wa kutoka mbali. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alilielewa hilo kiasi cha kulichukua jando na kulitia Ukristo badala ya kulipiga marufuku.

Wakati Lucas anahangaika na jando, serikali ya Kiingereza kule Dar es Salaam ilikuwa inahangaika na orodha. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza mwaka 1920. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki, mwaka 1925 London ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na mwaka huohuo serikali na misheni wakakutana Dar es Salaam. Mwaka 1927 ikaja sheria ya elimu ya Waafrika. Mpango ulikuwa ule wa 1839: misheni zina shule, serikali ina pesa, mkaguzi asimame katikati. Waraka wa London ulionya kwamba ruzuku isifungwe kwenye matokeo ya mitihani. Waingereza walikuwa wameungua nyumbani, wakaja na tahadhari.

Lakini jicho lililokuja na ruzuku lilikuwa na mpaka wake. Shule yenye mwalimu mwenye cheti, majengo na mtaala unaokubalika iliandikishwa, ikakaguliwa, ikasaidiwa. Ile ya mkatekista chini ya mwembe, yenye watoto wengi kuliko zote, ilibaki nje ya hesabu. Misheni zilipaswa kuchagua. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia wamisionari Wakatoliki jijini Dar es Salaam washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na mahali wasipoweza kujenga kanisa na shule kwa pamoja, kanisa lingoje. Hakuna mtu asemaye hivyo bila kuona jinsi ruzuku na mkaguzi vinavyoweza kubadilisha nchi. Wabenedikti wa Ndanda, jirani zetu, walikuwa miongoni mwa waliopaswa kulifikiria neno hilo.

*

Baada ya uhuru jicho na mkono vilikutana tena, kwa muda. Mwaka 1962 sheria mpya ya elimu ilifuta ubaguzi wa rangi shuleni. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na sheria ya 1969 ikazichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, zikawa mali ya umma. Mwajiri, mlipaji na mkaguzi wote wakawa serikali moja.

Kisha lilikuja Azimio la Musoma la 1974 na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa 1977. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Yalikuwa mambo makubwa, na sipendi wanaoyacheka. Lakini shule ziliongezeka kuliko magari ya kuzifikia. Sheria ya Elimu ya 1978 ilimpa mkaguzi mamlaka ya kuingia shuleni na kukagua majengo, vitabu na ufundishaji. Sheria haikuweza kumpa petroli.

Na polepole serikali ile moja ikagawanyika tena. Shule za msingi, walimu wake na bajeti yake vikawa chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI. Wakaguzi wakabaki chini ya wizara ya elimu. Mkaguzi wa 2004 alikuwa mtu wa Wizara ya Elimu na Utamaduni, kama ilivyoitwa wakati huo, lakini tangi la maji lilikuwa la halmashauri. Aliandika "tangi lijengwe" kwa uaminifu wote, nakala ikaenda juu kwa wakubwa wake na nyingine ikaenda pembeni kwa watu wasio chini yake. Neno moja tu la ripoti lilikuwa na uhakika wa kufika: lile linaloanza na "walimu wajitahidi".

Majirani wamepita njia zinazofanana. Kenya iliwabadilisha wakaguzi wake jina mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawa maofisa wa ubora na viwango. Uganda ina kurugenzi ya viwango vya elimu. Sisi tuliwaita wathibiti ubora, na kiunzi kipya cha 2017 kinaitaka shule ijitathmini kwanza, na matokeo yarudishwe kwa wazazi pia. Ni mawazo mazuri. Ila kabla ya hapo, mwaka 2013, tulikuwa tumejaribu Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kwa matokeo ya mitihani. Kama Arnold angefufuka angejiona nyumbani.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Ufini iliacha ukaguzi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vijana wengi mitandaoni hutaja mfano huo kana kwamba dawa ni kumfukuza mkaguzi. Husahau kwamba Ufini iliondoa jicho baada ya kuimarisha mkono. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 mwalimu wa watoto wadogo kule anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili, na manispaa yake ina fedha za kujenga choo bila kuandikiwa ripoti. Uingereza ilikwenda upande mwingine. Tangu 1992 ina Ofsted, ambayo kwa miaka mingi iliihukumu shule nzima kwa neno moja au mawili. Mwaka 2023 mwalimu mkuu mmoja wa mji wa Reading alijiua baada ya shule yake kupewa daraja la chini kabisa, na uchunguzi wa mahakama ukasema ukaguzi ulichangia kifo chake. Septemba 2024 hukumu ya neno moja ikaondolewa.

Nchi tajiri yenye mkono mrefu imemuumiza mwalimu kwa jicho. Nchi maskini yenye mkono mfupi imemuumiza kwa njia nyingine, ya taratibu, isiyoandikwa magazetini. Mama hakupandishwa daraja mwaka ule. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu ya ripoti, naye hakuuliza. Alianza tu kukesha mara nyingi zaidi, na mbaazi hakuzileta tena darasani, kwa sababu ripoti ilisema zana ziwe chati.

*

Nilimuuliza mwaka jana, daftari likiwa mapajani mwangu, kama anamkumbuka yule mkaguzi mwanamke.

"Namkumbuka sana," akasema. "Baada ya kipindi alinifuata nje. Aliniambia, mwalimu, ile ya mbaazi ni nzuri, endelea nayo."

"Mbona haimo kwenye ripoti?"

"Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo."

Akanyamaza, kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mwaka wake wa mwisho kazini walikuja wathibiti ubora, vijana, wenye vishikwambi. Walikuwa na adabu. Waliwakalisha walimu kwenye duara na kuwauliza shule inahitaji nini. Walimu wenzake walianza kufikiri. Mama akaenda nyumbani, akarudi na daftari la bluu, akawapa. Kijana mmoja akalifungua, akasoma mapendekezo tisa yasiyo na vema, akayanakili yote kama yalivyo, akabadilisha idadi tu: walimu wanne wakawa sita.

"Akaniuliza, mama, hii ni ya lini? Nikamwambia 2004. Akaniangalia. Akasema, basi ulikuwa umeshatufanyia kazi."

"Na tangi?"

Mama alilichukua daftari mikononi mwangu, akalirudisha sandukuni chini ya kanga zake, akafunga.

"Mwandiko wake ulikuwa mzuri yule kijana," akasema. "Nadhani alifundishwa vizuri la pili."